Palipoandikwa Pua

Baba yangu alikuwa na pua. Najua utasema kila mtu anayo, lakini wewe hukuiona ya baba. Ilianza kwa adabu katikati ya nyusi kama pua za watu wengine, ikashuka vizuri, halafu pale ambapo za wenzake hukoma yeye yake ikaendelea. Kikombe cha chai alikinywea kwa ubavu. Nami ninayo hiyohiyo, kwa hiyo nikiisema siisemi ya jirani. Mama, ambaye alitangulia mbele ya haki nikiwa bado msichana, alikuwa akisema kwamba pua ile ni muhuri wa ukoo, na kwamba aliolewa na baba baada ya kuizunguka na kumkuta mwenyewe yuko nyuma yake.

Nikaja kuolewa na mwanamume ambaye kazi yake ilikuwa kuwachora watu na kuwacheka. Kazi hiyo siku zile haikuwa na jina. Neno katuni watu walikuwa hawajalizoea. Walisema tu "picha za kucheka". Gazeti letu lilitoka mara moja kwa wiki, kurasa nne, na kabla yake hakuna mtu mjini aliyewahi kumwona jirani yake gazetini. Picha zilizojulikana zilikuwa za wafalme na za sabuni. Mume wangu akaja akamchora karani wa posta amelala juu ya barua, akamchora mwenye duka akipima sukari pamoja na kidole gumba chake, na mji mzima ukajikuta unanunua gazeti ili kuhakikisha kwamba haumo. Hakutia jina lake. Alichora mdudu mdogo kwenye pembe ya picha, na kwa sababu hiyo wakamwita Sisimizi.

Gazeti halikuwa na mashine ya kutengenezea picha. Alikuwa akizichonga kwa wembe kwenye vipande vya zulia la mpira, akavigandisha juu ya ubao, ubao ukapakwa wino. Ukitaka kujua zulia la mpira alikuwa akilipata wapi, njoo nikuonyeshe sakafu yangu. Alianzia chini ya kitanda, mahali alipodhani mimi sifagii. Nilipokuja kushtuka alikuwa ameshafika chini ya kabati, na kabati lenyewe limeinamia upande mmoja kama mlevi. Nikagomba, akanijibu kwamba wanawake wengine sakafu zao hukanyagwa tu, yangu inasomwa.

Tena ilimbidi achonge kila kitu kinyume, kwa sababu kikipigwa chapa hugeuka. Wa kushoto akamweka kulia, maneno akayaandika kutoka mwisho kurudi mwanzo, mimi nikamshikia kioo ili aone picha itakavyotokea. Mkono wake ukazoea hivyo mpaka ukaharibika. Akiniachia ujumbe mezani asubuhi kwamba amechelewa, chai atainywa kazini, nilikuwa nausoma kwenye kioo.

Baba alikuwa na mashine ya kusaga nafaka, jirani kabisa na kwetu. Mwanzoni alimpenda mkwe wake kupita kiasi. Siku ya gazeti alisimamisha mashine, akakaa juu ya gunia na kusoma kwa sauti, akacheka mpaka unga ukamdondoka kwenye nyusi. Nilikuwa nikiwaza kwamba katika wanawake wote mimi nimebahatika, baba na mume wanasikilizana. Halafu watu wakamchagua baba kuwa diwani, na baraza la mji likamkabidhi mitaro.

Mtaro wa pale sokoni ulikuwa umeziba. Sitauelezea sana kwa sababu huenda unakula. Wauza nyanya walikuwa wakihama na meza zao kufuata upepo, na wateja wakinunua huku wameziba uso kwa kanga au kwa mkono. Watu walimlalamikia baba. Akawajibu kama madiwani wote wanavyojibu tangu udiwani uumbwe, kwamba jambo hilo linashughulikiwa. Msimu ukapita, mtaro ukazidi kushughulikiwa.

Siku moja mume wangu akaniita nimshikie kioo. Nikatazama. Baba amesimama ukingoni mwa mtaro, anatabasamu, kifua mbele. Pua yake imepasuliwa ubavuni ili tuone ndani, nayo ndani ni njia ndefu kama handaki, na katika handaki hilo harufu, zimechorwa kama wasafiri wadogo wenye mizigo, zinajikokota kwenda juu. Moja imekaa chini katikati ya njia, inajipepea. Chini ameandika: HARUFU IKO NJIANI.

Nilicheka, halafu nikashika kichwa. Nikamwambia huyo ni baba mkwe wako. Akasema hapana, huyo ni diwani. Baba mkwe yuko kwenye mashine anasaga. Nikamwambia mzaha mzaha hutumbuka usaha. Akasema usaha uko mtaroni tayari, yeye anatafuta wa kuutumbua. Kubishana na mtu wa namna hii ni kazi bure, na gazeti likatoka.

Mji ulicheka siku nyingi. Baba hakucheka. Alikuja kwetu na unga wake mwilini, hakukaa, wala chai hakutaka. Alimtazama mume wangu, akasema, "Nilikupa binti, umenirudishia pua." Akaapa mbele yetu kwamba hatakanyaga tena nyumba ile, na gazeti lile halisomi, mpaka siku litakapoisahau pua yake. Akageuka akaenda zake. Mzazi niliyebaki naye alikuwa huyo mmoja, na wakati huo nilikuwa na mimba changa.

Mume wangu naye akaapa, kwa kichwa changu, kwamba pua ya baba hataigusa tena. Na kiapo alikitimiza, hilo lazima niliseme. Tatizo ni kwamba mji ulikuwa umeshaonja. Alichora kikao cha baraza, akamgeuza baba mgongo na kumvika kofia, na wasomaji wakaleta malalamiko ofisini kwamba wamedhulumiwa. Safari iliyofuata akachora kikao na kiti cha baba kikiwa kitupu. Watu wakasema diwani yupo, ameingia chini ya meza kuokota kitu, pua ndiyo imekwama. Wiki iliyofuata akaacha baraza lote, akachora kuku. Lakini kwenye ukurasa huohuo mhariri alikuwa ameweka tangazo la duka la mabomba ya maji, na bomba lenyewe lilikuwa limepinda vibaya. Baba akalihesabu na hilo.

Nyumbani kwetu neno lile likawa mwiko. Mafua tuliyaita ugonjwa wa usoni. Jirani mmoja alikuja kunisalimu, akasema kwa wema tu kwamba sielewi unahuzunika nini, mama, nyumba yenu na ya mzee ni pua na mdomo. Mume wangu akatoka nje akajifanya anatafuta kuni. Na mimi niliyekuwa nimezoea kumwambia kwamba mizaha yake itamtokea puani, ikabidi nitafute mahali pengine pa kumtokea.

Lakini nilipojifungua sikuwa na hamu ya utani tena. Baba hakuja. Alituma mtu na unga, tena ule laini wa daraja la kwanza, mfuko umefungwa kwa fundo lake mwenyewe ambalo nalijua tangu utotoni. Yeye hakuja. Nilikuwa nikikaa dirishani na mtoto, nikamwona anapita kwenda barazani, amevuka barabara akafuata upande wa pili, shingo imenyooka. Pua ndiyo ilikuwa inamsaliti, kwa sababu mtu mwenye pua ile hawezi kugeuza uso kidogo bila ulimwengu kujua. Alikuwa anatazama dirishani. Niliumia kuliko nilivyoumia kujifungua.

Halafu siku moja tukasikia majembe sokoni. Baba alikuwa amewaleta vibarua, na yeye mwenyewe amesimama kati yao, suruali imekunjwa mpaka magotini. Mtaro ukazibuliwa. Baraza likatangaza sherehe ndogo ya kuufungua, kukiwa na viti vya wageni na hotuba.

Mimi nikaona mlango umefunguka. Nikamwita mume wangu nikamkalisha kitako. Nikamwambia nenda kwenye sherehe ile, usichore hata kidole. Mwandikie baba habari nzuri, ya heshima, isiyo na mzaha hata chembe. Andika kama unaandika msiba. Akasema yeye hajawahi kuandika kitu cha namna hiyo. Nikamwambia basi leo utaanza, au mwanao atakua anamjua babu yake kwa mfuko wa unga.

Nilimhurumia. Aliporudi kutoka kwenye sherehe aliketi kuandika na jasho likamtoka. Aliandika mstari, akausoma, akakuta mzaha umejipenyeza, akaufuta. Alikuwa kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele, isipokuwa kwake yeye mawe ndiyo yaliyokuwa chakula. Mwisho akanipa karatasi, ameiandika kwa unyoofu, hata kioo sikuhitaji. Ilikuwa habari ya kuchosha kuliko zote nilizowahi kusoma, na niliipenda sana. Mwishoni alikuwa ameandika hivi: "Baada ya hotuba wananchi walinyoosha mikono wakamwombea diwani dua ndefu, ambayo ilifika hadi upande wa pili wa soko. Diwani aliipokea kwa unyenyekevu mkubwa, na wengi walitokwa na machozi."

Nilimbusu kwenye paji la uso. Akaipeleka ofisini.

Sasa lazima nikueleze kidogo kuhusu herufi. Ofisi ya gazeti ilikuwa ghala moja lenye kunuka wino na mafuta ya taa, na ndani yake mzee mmoja tuliyemwita Babu Herufi alikuwa amesimama mbele ya sanduku kubwa lenye vijumba vingi. Kila kijumba kina herufi yake, vipande vidogo vya madini ya risasi. Aliokota moja moja, akapanga neno, akapanga mstari, ukurasa mzima. Gazeti likishachapwa, herufi zinasafishwa na kurudishwa kila moja kwenye kijumba chake. Na kuna herufi mbili ambazo ni pacha wenye nia mbaya. Ichukue d, igeuze kichwa chini. Umepata p.

Siku ya gazeti nilikaa na mtoto miguuni nikamsomea kwa sauti habari za babu yake. Nilisoma polepole, kwa fahari. Nikafika mwisho: "wananchi walinyoosha mikono wakamwombea diwani pua ndefu, ambayo ilifika hadi upande wa pili wa soko. Diwani aliipokea kwa unyenyekevu mkubwa, na wengi walitokwa na machozi."

Nikarudia. Ilikuwa bado ni pua. Na lugha yetu yenyewe haikunisaidia hata kidogo. Dua na pua ni za ngeli moja. Chochote unachokisema kwa hii kinaifaa na ile. Dua ni ndefu, na pua ni ndefu. Dua ilifika, na pua ilifika. Angeandika maombi, sarufi ingepiga kelele, Babu Herufi angeamka. Lakini sentensi ile ilikuwa imenyooka kama rula, haina kasoro, kana kwamba pua ilikuwa imeandaliwa mahali pake tangu mwanzo.

Mume wangu alirudi nyumbani rangi imemtoka. Akaapa kwamba hakukusudia. Aliisoma karatasi ya majaribio mara kadhaa kabla haijachapwa, akasema, lakini alikuwa akitafuta mizaha, si makosa. P moja ilirudishwa kwenye kijumba cha d, basi. Njia nzima kutoka ofisini watu walikuwa wakimpiga mabega na kumwambia Sisimizi, safari hii umeuma bila kuonekana. Gazeti limekwisha lote, mhariri amemkumbatia. Mzaha mkubwa kuliko yote aliyowahi kusifiwa haukuwa wake, na hilo pia lilimuuma, nikamwona.

Mimi sikumwamini. Wewe ungemwamini? Mtu amekula mkate kwa utani tangu ujana wake, anakuja kukwambia kwamba mzaha huu umejipanga wenyewe. Akaapa kwa kichwa cha mtoto. Nikamwambia kichwa changu ulikwishakitumia, sasa umehamia kwa mtoto. Akatia mkono mfukoni, akanitolea ushahidi, herufi yenyewe, kipande cha risasi kidogo kuliko punje ya mahindi. Nikaishika. Nikaigeuza, ikawa d. Nikaigeuza tena, ikawa p. Nikamuuliza ushahidi gani huu unaobadili maneno ukiugeuza kichwa chini. Akaushika uso wake kwa mikono miwili. Nikaenda uani kufua nepi, nikazifua kwa hasira mpaka moja ikachanika.

Akanifuata na kipande cha karatasi. Mhariri alikuwa amekubali kuchapa radhi wiki inayofuata: "Katika habari ya mtaro, palipoandikwa pua, isomeke dua." Mume wangu alitaka kumpelekea baba kwanza aione. Nilikuwa nafikiria nimjibu nini, nikasikia hodi. Ilikuwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia mlangoni kwangu tangu nilipokuwa na mimba.

Baba alikuwa amesimama kizingitini, nje kabisa, ncha za viatu hazijagusa ndani. Gazeti alikuwa amelikunja kwapani. Nikasema shikamoo kutoka kule uani, akaitikia marahaba bila kunitazama, akamwomba mkwe wake asogee. Mume wangu akasogea. Nikajua kwamba hapa ndipo atakapotamka lile ambalo mtu akishalitamka halirudi.

"Ulikusudia?" baba akauliza.

"Hapana, mzee."

"Najua."

Mume wangu akainua uso. Mimi nikaacha nepi.

"Wewe mzaha wako huuweka mwisho," baba akasema. "Unamlaza mtu kwanza, akishalala ndipo unamfinya. Huwezi kuupoteza katikati ya mstari kama gunia lililodondoka njiani. Kuku wako yule, mzaha ulikuwa kwenye mkia. Yule karani wa ushuru na mbuzi, mzaha ulikuwa kwenye neno la mwisho. Hata ile ya kiti kitupu, nilitafuta mpaka nikaukuta pembeni, kwenye kofia."

Alizitaja zote. Alizitaja kwa mpangilio, wiki kwa wiki, picha zote zilizotoka tangu siku aliyoapa kwamba gazeti hilo halisomi. Nikamtazama mume wangu nikaona machozi yanamlengalenga. Mimi niliyekula naye sahani moja nilishindwa kuujua mkono wake, na mtu aliyekuwa amemnunia akaujua. Lakini baba alikuwa hajamaliza.

"Kwa hiyo la pua nimelimaliza. Nimekuja kwa lingine." Akalifungua gazeti. "Nani aliniombea dua?"

Mume wangu akakitazama kile kikaratasi cha radhi mkononi mwake.

"Ulikuwepo. Ulimwona mtu amenyoosha mkono?"

"Mmoja alinyoosha, mzee," mume wangu akasema kwa sauti ndogo.

"Alinyoosha. Alikuwa anauliza upande wa pili utazibuliwa lini."

Hapo ndipo nilipojua. Mtaro ulikuwa umezibuliwa upande wa viti vya wageni tu, basi, mpaka pale kona ilipofika. Hakukuwa na dua. Hakukuwa na machozi, isipokuwa ya moshi wa takataka zilizokuwa zikiteketezwa. Mume wangu alikuwa amevitunga vyote kwa ajili yangu, kwa sababu nilimwambia aandike kitu kizuri, na katika mji ule kitu kizuri cha kweli siku hiyo hakikupatikana cha kutosha kujaza mistari.

Baba hakupaza sauti. Alisema kwamba watu wanadhani alikasirikia pua. Pua yake anaiona kila asubuhi akinyoa, hakuna wa kumwonyesha jipya. Alichokasirikia ni kwamba picha ile ilikuwa kweli. Alikuwa amesimama kando ya uchafu akitabasamu, na harufu haijamfikia. Alikaa nayo siku nyingi, ikamnyima usingizi, ndiyo ikamtia jembe mkononi. "Uliponicheka nilizibua mtaro," akasema. "Sasa umenisifu. Umenivika kilemba cha ukoka mbele ya watu ambao wanajua walikuwepo. Ukinisifu hivi mara mbili nitaamini, na huo upande wa pili hautazibuliwa mpaka nife." Akagonga kidole chake kwenye ukurasa. "Katika habari yote hii neno la kweli ni moja tu, na hilo limeingia kwa makosa. Dua sikuombewa. Pua ninayo."

Sikuweza kuvumilia. Nilitoka uani mikono ikiwa na povu, nikasimama kati yao. Nikasema mimi ndiye niliyemtuma, na kama ni kosa basi nigombezwe mimi. Sikutaka sifa, sikutaka mtaro, nilitaka baba yangu aingie ndani. "Mtoto anakua, baba. Unapita upande wa pili wa barabara kama mdaiwa."

Akanitazama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kunitazama usoni tangu ile siku, na tulikuwa tumesimama karibu sana, pua kwa pua, ukoo mzima ulikuwa pale.

"Ungeniita," akasema.

"Ungekuja?"

Akafikiri. Baba yangu hakuwa mtu wa kusema uongo hata pale ambapo uongo ungempendeza mtu.

"Nisingekuja," akasema. Halafu akavua viatu, akaviweka sawasawa kando ya mlango, akaingia. Mume wangu kwa woga akamnyooshea kile kikaratasi cha radhi. Baba akakisoma, palipoandikwa pua isomeke dua, akakikunja, akakitia mfukoni mwake mwenyewe. Akasema hilo lisichapwe, kwa sababu gazeti likifanya hivyo litakuwa limefuta kweli na kuweka uongo, tena kwa kuomba radhi.

Nilikwenda kumchukua mtoto. Nililia njiani, pale chumba na sebule vilipotenganishwa na pazia, na nikajifuta kwa pazia hilo. Baba alimpokea kwa mikono miwili iliyozoea magunia, akamweka pajani, wakatazamana. Kisha akamwambia mkwe wake alete karatasi. Alitaka achorwe hapohapo kwa ajili ya gazeti lijalo, amesimama kando ya mtaro, upande ule ambao bado.

Mume wangu akachora. Alichora polepole, yeye ambaye alimchora karani wa posta bila hata kukaa chini. Alichora kofia, akachora mabega na suruali iliyokunjwa, uchafu akaujaza mpaka ukingoni. Uso akauacha mwisho. Alipofika katikati ya uso aliweka pua ndogo, ya heshima, pua ya mtoto wa shule, akamgeuzia baba karatasi.

Baba aliitazama.

"Huyu nani?" akauliza.

Akampokonya penseli. Mtoto akiwa pajani, akaushika ulimi kati ya meno kama mtu anayejifunza kuandika, akaikamata ile pua ndogo na kuanza kuivuta mwenyewe, ikatoka nje ya uso, ikavuka mtaro, ikafika ukingoni mwa karatasi ikakosa pa kwenda. Alikuwa hajui kuchora hata kidogo, mstari ulikwenda kwa matuta. Akairudisha penseli.

"Chora kweli, mkwe," akasema. "Mtoto anaangalia."